Wasomaji Wauliza: Kisa Kinavyoshika Akili

Barua za toleo hili zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali, lakini zote zinazunguka jambo moja: kwa nini akili ya binadamu hushika kisa upesi kuliko maelezo makavu, na afanye nini mtu anayekihitaji kisa kwa kazi yake, au anayetaka kujikinga nacho. Nyingine tumezijibu kwa kirefu na nyingine kwa ufupi, kadiri jambo lenyewe lilivyodai.

SWALI: Nafundisha Baiolojia kidato cha pili. Wanafunzi wangu hukariri mzunguko wa vimelea vya malaria hatua kwa hatua, lakini baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka. Vichekesho vya darasani wanavyo hadi leo. Wenzangu wananishauri nifundishe kwa hadithi. Nianzie wapi, na nitajuaje kama hadithi haijalimeza somo? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Mwalimu, hilo si uvivu wa wanafunzi wako. Hatua zilizoorodheshwa husimama kila moja peke yake. Ikidondoka moja, hakuna ya kuivuta. Kwenye kisa tukio la pili limezaliwa na la kwanza, kwa hiyo ukilishika moja umeshalipata na lile jingine. Mwaka 1969 Gordon Bower na Michal Clark wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wanafunzi orodha 12, kila moja ikiwa na maneno 10 yasiyohusiana. Kundi moja liliambiwa litunge kisa kifupi kwa maneno hayo. Kundi jingine lilijifunza kwa njia yake, kwa muda uleule. Walipoulizwa mara baada ya kila orodha, makundi yote mawili yalikumbuka karibu kila neno. Walipoulizwa orodha zote mwishoni, waliotunga visa walikumbuka asilimia 93 ya maneno, wenzao asilimia 13. Kwa hiyo zoezi la dakika tano mwishoni mwa kipindi haliwezi kukuonyesha tofauti. Tofauti hujitokeza baadaye.

Kinachofunga matukio ni uhusiano wa chanzo na matokeo. Tom Trabasso na Paul van den Broek walionyesha mwaka 1985 kwamba tukio lenye viungo vingi vya namna hiyo ndilo linalokumbukwa zaidi, na ndilo wasomaji wanaloliona muhimu. Basi usitafute hadithi ya kulipamba somo. Litafute somo lenyewe mahali ambapo jambo moja linalazimisha lingine, ulisimulie hapo.

Malaria inafaa sana kwa hili. Mbu jike wa Anopheles anahitaji damu ili mayai yake yakomae, ndiyo maana huuma yeye, si dume. Anapouma hutema mate yanayozuia damu isigande, na kwa kuwa vimelea vimejificha kwenye tezi za mate, huingia pamoja nayo. Haviwezi kukaa kwenye damu hivyo vilivyo, kwa hiyo muda si mrefu huwa vimefika kwenye ini. Huko, vile vya aina iitwayo Plasmodium falciparum huzaliana kwa siku kama 6 na mtu hasikii lolote. Kisha hutoka kwa maelfu na kuingia kwenye seli nyekundu za damu, hula hemoglobini, huzaliana tena, seli hupasuka. Mzunguko huo huchukua saa 48 hivi, na kinachomwagika seli zinapopasuka ndicho kinacholeta homa na kutetemeka. Baadhi hugeuka kuwa vya kiume na vya kike, vikabaki kwenye damu hadi mbu mwingine avinyonye. Ndani ya huyo mbu vinahitaji siku 10 au zaidi kabla ya kuweza kumwambukiza mtu.

Hapo ndipo penye utamu wa kisa: siku 10 ni nyingi kwa maisha ya mbu. Waulize wanafunzi kwa nini, mahali penye vyandarua vingi vyenye dawa, hata jirani asiyelala ndani ya chandarua hupata nafuu. Aliyeshika mfuatano atajibu mwenyewe kwamba mbu wengi hufa kabla vimelea havijakomaa. Aliyekariri majina ya hatua hatakuwa na la kusema.

Kwa kipindi cha dakika 40 tunapendekeza hivi. Anza kwa kuandika swali la chandarua ubaoni, kabla ya neno lolote lingine. John Bransford na Marcia Johnson walithibitisha mwaka 1972 faida ya kutaja mada mapema: waliwasomea watu maelezo yenye fumbo kuhusu ufuaji wa nguo. Waliotajiwa mada kwanza walikumbuka karibu mara mbili ya wengine. Waliotajiwa baada ya kusikiliza hawakufaidika hata kidogo. Kisha simulia kwa dakika 6 au 7, mfululizo, bila kuandika. Baada ya hapo wanafunzi, wawili wawili, wachore mzunguko kwa mishale, na juu ya kila mshale waandike sababu. Mshale usio na sababu haukubaliki. Majina ya kitaalamu yaingie mwisho, juu ya picha ambayo tayari wanaielewa.

Kuna makosa mawili yanayoharibu kazi hii mara nyingi. La kwanza ni vikolezo. Shannon Harp na Richard Mayer, katika utafiti wa mwaka 1998 uliotumia somo la jinsi radi inavyotokea, waliona kwamba habari za kusisimua zisizohusu chanzo, kama za watu waliopigwa na radi, ziliwapunguzia wasomaji uelewa wa somo. Kisa cha shangazi aliyelazwa kwa malaria kitachangamsha darasa na kufuta ini kichwani. La pili ni kukipa kimelea nia. “Kinataka kufika kwenye ini” ni njia nzuri ya kuanzia, lakini ikibaki hivyo utaikuta kwenye karatasi za mtihani. Siku inayofuata wape sentensi tano za namna hiyo, waziandike upya bila “kinataka” wala “kinaamua”.

Pima baada ya siku 7, na usiulize “taja hatua”. Toa kiungo kimoja: kama mbu wote wangeishi siku 5 tu, nini kingetokea? Kama vimelea visingepitia kwenye ini, mgonjwa angeanza kuumwa lini?

SWALI: Mwanangu ana miaka minne. Bibi yake aliyeko Unguja humtumia hadithi kwa sauti kwenye simu, naye husikiliza akiwa ametulia kabisa. Nikimwambia anisimulie, anasema “halafu, halafu” bila kichwa wala miguu. Je, anaelewa? (Mama, Muscat)

JIBU: Dada, kwa umri huo “halafu, halafu” ni kawaida. Watoto wengi wa miaka minne husimulia matukio kwa kuyapanga tu; nia ya mhusika, yaani alitaka nini na kwa nini, huanza kuingia vizuri kwenye masimulizi yao wakikaribia miaka mitano au sita. Kinachoharakisha ni mazungumzo juu ya hadithi, na simu peke yake haimpi hayo. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi kusoma vitabu na watoto wao kwa kuwauliza maswali yaliyo wazi na kupanua majibu yao. Baada ya wiki 4 tu watoto hao walikuwa wamewatangulia kilugha wenzao waliosomewa bila mbinu hizo.

Chukua hadithi ya kima na papa. Papa anamchukua kima mgongoni, wakifika katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini, basi warudi wakauchukue. Swali moja linatosha kupima uelewa wote: kwa nini kima alisema hivyo? Ili ajibu, mtoto ashike mambo mawili kwa pamoja, kwamba kima anajua moyo wake uko kifuani na kwamba papa hajui. Asipoweza, usimwambie jibu. Muulize la chini yake: papa alikuwa anataka nini?

Itumie hadithi moja kwa jioni tatu. Ya kwanza asikilize tu, na aitikie “Pakawa” kwa sauti kubwa kila inapoitwa “Paukwa”. Kuitikia humwingiza ndani kuliko kukaa kimya. Ya pili simamisha sauti mara mbili, zisizidi, umuulize nini kitafuata na kwa nini. Ya tatu asimulie yeye, nawe ushike uzi: “Enhe, papa alipokasirika akafanya nini?” Mwombe na bibi akate sauti yake vipande viwili, cha kwanza kiishie pale kima anapoambiwa habari ya moyo, cha pili akitume kesho yake. Mtoto atakayelala nalo swali hilo ataamka ameanza kufikiri.

Kinachokwamisha ni kugeuza hadithi kuwa mtihani. “Huyu ni nani? Huyu ana rangi gani?” ni maswali ya neno moja, na mtoto huchoka nayo haraka. Pia zungumzeni mambo yaliyotokea kweli, kama safari ya sokoni jana: nini kilianza, nani alikasirika, mlifanyaje. Utafiti wa Robyn Fivush na Elaine Reese umeonyesha kwamba mama wanaozungumza na watoto wao hivyo, kwa kuongeza maelezo na kuuliza maswali ya wazi, hulea watoto wanaosimulia maisha yao wenyewe kwa utajiri zaidi.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa baraza la kata. Katika mgogoro wa mpaka wa shamba, mlalamikaji alisimulia tangu enzi za babu yake bila kukwama. Mlalamikiwa alikuwa anarukaruka. Tulikuwa tumeshaegemea kwa wa kwanza, tukaja kukuta maandishi yanasema vingine. Tujilinde vipi siku nyingine? (Mjumbe, Morogoro)

JIBU: Shikamoo mzee. Mlichokaribia kukifanya hufanywa hata na mabaraza ya wazee wa mahakama katika nchi zenye wanasheria wengi, na kimepimwa. Mwaka 1988 Nancy Pennington na Reid Hastie waliwapa watu wa Marekani ushahidi wa kesi moja ya mauaji. Ushahidi haukubadilishwa, kilichobadilishwa ni mpangilio wake. Upande mmoja ulipangwa kwa mtiririko wa matukio, upande wa pili kwa zamu ya mashahidi, kila mmoja na kipande chake. Mashtaka yalipopangwa kama kisa na utetezi ukawa vipande vipande, asilimia 78 walimwona mshtakiwa ana hatia. Mpangilio ulipogeuzwa, wakawa asilimia 31.

Maana yake ni kwamba msikilizaji hapimi vipande vya ushahidi kimoja kimoja akavijumlisha. Hujenga kisa kichwani akiwa bado anasikiliza, kisha huchagua uamuzi unaofanana na kisa hicho, na ushahidi unaokuja baadaye hupimwa kama unakaa humo au haukai. Anayesimulia vizuri amekujengea nyumba. Mwenzake amekuachia matofali.

Dawa ya kwanza ni kumsaidia yule asiyejua kusimulia. Hilo si upendeleo. Mlalamikiwa anayerukaruka arudishwe mwanzo, naye ajengewe mtiririko kwa maswali matupu: shamba lilipatikana mwaka gani, kwa nani, nani walikuwepo, nini kikafuata, mkaanza kugombana lini. Mjumbe mmoja aandike majibu kwa mpangilio wa miaka na amsomee ayathibitishe. Sasa mna visa viwili vilivyopangika sawasawa, na hapo ndipo pa kulinganisha.

Pili, gawanyeni karatasi kwa safu tatu. Ya kwanza ni jambo lililodaiwa, ya pili ni nani aliliona kwa macho yake, ya tatu ni nini kingine kinachoonyesha jambo hilo: maandishi, mstari wa minyaa au mikonge, jiwe, mti uliopandwa. Mkimaliza kusikiliza, tazameni safu ya tatu tu. Kisa kilichonyooka mara nyingi huwa na safu ya kwanza ndefu na ya tatu tupu.

Tatu, chungeni maneno ya maswali yenu. Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari mwaka 1974. Walioulizwa magari yalikuwa na kasi gani “yalipobamizana” walikadiria wastani wa kilomita 65 kwa saa. Walioulizwa “yalipogusana” walikadiria kama 51. Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye watu waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo, lakini katika kundi la “yalipobamizana” asilimia 32 walisema waliviona, na katika kundi la “yalipogongana” asilimia 14. Neno la muulizaji lilikuwa limeingia kwenye kumbukumbu ya shahidi. Kwa hiyo msiulize “Alipong'oa alama za mpaka ulikuwa wapi?” Ulizeni “Ulipofika shambani siku hiyo ulikuta nini?” na mumwache amalize bila kumkatiza. Mashahidi wasisikilizane kabla ya zamu zao.

Na habari za babu zipokeeni kwa heshima, ila kwa uangalifu wa pekee. Frederic Bartlett wa Cambridge, katika utafiti alioutoa mwaka 1932, aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waisome, waisimulie tena na tena kadiri muda ulivyopita. Mitumbwi ikageuka kuwa mashua za kawaida, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, mizimu ikapungua au ikapotea. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila alipofika mahali pasipoeleweka kwa mazoea yake, alipalainisha. Kisa cha mpaka kilichosimuliwa ndani ya ukoo kwa miaka 40 kimepitia kazi hiyohiyo, kwa hiyo ulaini wake unaweza kuwa umetokana na kusimuliwa mno. Mashimo nayo si uongo. Mtu wa kweli mara nyingi husema “hapo sikumbuki.”

Baada ya hayo yote nendeni shambani na pande zote mbili, kila mmoja atembee mpaka anaoudai peke yake, mwenzake akiwa mbali. Mguu hutaja mahali ambapo mdomo ulipita juujuu.

SWALI: Tangu nipake duka langu rangi mpya mauzo yamepanda. Nataka kupaka na la pili. Mke wangu anasema hakuna uhusiano. Nani yuko sahihi? (Mfanyabiashara, Mwanza)

JIBU: Bado hamjui, wote wawili. Akili zetu huona chanzo na nia hata pasipo na kitu. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu 34 filamu fupi ya pembetatu mbili na duara vikitembea kuzunguka mstatili. Mmoja tu ndiye aliyeieleza kama maumbo yanayosogea. Waliobaki waliona viumbe wenye nia, wanaofukuzana na kugombana. Ikiwa maumbo matupu yanapata kisa, rangi ya duka itakikosaje?

Fungua daftari. Andika mauzo ya kila siku ya wiki 8 kabla ya rangi na wiki 8 baada yake, kisha utafute na miezi hiyohiyo ya mwaka jana. Pembeni andika yote yaliyobadilika kipindi hicho: bei, bidhaa mpya, msimu wa mavuno, shule kufunguliwa, duka la jirani kufungwa. Angalia pia kama ulipaka rangi wakati biashara iko chini kuliko kawaida. Watu hufanya mabadiliko wakiwa wamebanwa, na biashara iliyokuwa chini ya wastani wake mara nyingi hurudi juu yenyewe. Lile duka la pili usilipake kwa wiki 8 nyingine. Nalo likipanda kwa kiasi kilekile, basi ni msimu.

SWALI: Kijijini kwetu wanasema chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, inawafanya wasichana wawe tasa. Tumekanusha kwenye mikutano miwili, na uvumi umezidi. Tunakosea wapi? (Mhudumu wa afya ya jamii, Shinyanga)

JIBU: Mmebomoa na hamkujenga. Uvumi ule ni kisa kinachojibu maswali ambayo ninyi mmeyaacha: kwa nini wasichana tu? Kwa nini umri ule, kabla hawajaolewa? Kwa nini wazungu walipie? Mkisema “si kweli” mkaishia hapo, maswali yanabaki, na jibu pekee lililopo kichwani ni lile la zamani.

Hollyn Johnson na Colleen Seifert walilionyesha hili mwaka 1994. Watu walisoma taarifa za moto kwenye ghala. Mwanzoni ilisemwa kulikuwa na rangi za mafuta na mitungi ya gesi kwenye chumba kidogo, baadaye ikasahihishwa kwamba chumba kile kilikuwa kitupu. Wasomaji waliukumbuka usahihisho huo. Hata hivyo walipoulizwa kwa nini moshi ulikuwa mzito, wengi walitaja zile rangi. Walioelezwa chanzo kingine, kwamba kulikuwa na dalili za moto kuwashwa makusudi, ndio walioziacha.

Mkutano ujao anzeni na ukweli, si na uvumi. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazowaua wanawake wengi nchini. Karibu yote hutokana na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na chanjo hufanya kazi vizuri zaidi mwili ukiwa haujakutana navyo, ndiyo maana hutolewa mapema. Wasichana wametangulizwa kwa kuwa ndio wenye mlango wa kizazi. Hapo mmeshajibu “kwa nini wao” na “kwa nini sasa”. Kisha tajeni uvumi mara moja tu, mkionya kwanza: “Kuna maneno yasiyo ya kweli yanayosemwa.” Elezeni kwa nini si kweli: chanjo hii imetolewa tangu mwaka 2006 katika nchi nyingi, na waliochanjwa wanazaa. Elezeni pia uvumi hupata wapi nguvu, kwamba chanjo ya wasichana peke yao huzua wasiwasi, na wasiwasi huo unaeleweka. Malizieni tena na ukweli.

Msiandike uvumi kwa herufi kubwa kwenye bango na neno “UONGO” juu yake. Wengi watakumbuka maneno na kusahau alama. Na msemaji bora kuliko dawati lenu ni mama aliyempeleka binti yake, asimulie alivyoamua.

SWALI: Tunaandika barua ya kuomba michango kwa ajili ya kituo cha watoto. Tuweke takwimu au kisa cha mtoto mmoja? (Katibu wa kikundi, Nakuru)

JIBU: Kisa cha mmoja, na takwimu msizichanganye nacho. Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha mwaka 2007 matokeo ya majaribio ambamo watu waliopewa dola 5 waliombwa wachangie. Waliosoma habari za msichana wa miaka saba wa Mali aitwaye Rokia walitoa wastani wa dola 2.38, waliosoma takwimu za njaa, dola 1.14, waliopewa vyote viwili, dola 1.43. Takwimu zilikipunguza nguvu kisa. Wekeni hesabu kwenye karatasi ya pili, kwa wafadhili wanaotaka kujua fedha zinavyotumika. Badilisheni jina la mtoto, msitoe picha ya uso wake, na mlezi aisome barua kabla haijatumwa. Lakini mkikaa kugawa fedha zilizopatikana, geuzeni utaratibu: hapo tazameni hesabu kwanza, maana kisa kimoja kikubwa huvuta fedha zote upande wake na watoto wasio na msimulizi wanabaki mikono mitupu.

SWALI: Nimepewa kazi ya kuandika mchezo wa redio kuhusu ukatili wa kijinsia. Mhusika wangu mwema anachosha, na mbaya ndiye anayependwa na kila aliyesoma. Nifanyeje? (Mwandishi, Dodoma)

JIBU: Mwache mwema apumzike. Unayemkosa ni wa tatu, yule anayesitasita. Mbinu hii iliundwa na Miguel Sabido huko Meksiko katika miaka ya 1970, na ina aina tatu za wahusika: anayeshikilia ubaya, anayeshikilia wema, na aliye katikati, anayevutwa huku na kule. Huyu wa katikati ndiye msikilizaji hujiona ndani yake. Hubadilika polepole, huteleza, hurudi nyuma, hupata hasara, hujaribu tena. Mpe nusu ya mchezo.

Mkoa wako wenyewe una historia katika jambo hili. Redio Tanzania ilipoanza kurusha “Twende na Wakati” mwaka 1993, eneo la Dodoma liliwekwa nje ya matangazo ya mchezo huo hadi mwaka 1995, ili watafiti, akina Everett Rogers na Peter Vaughan, walinganishe waliosikia na wasiosikia. Katika maeneo yaliyosikia, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka na watu waliripoti wapenzi wachache zaidi. Dereva wa lori Mkwaju, mbaya wa mchezo ule, hakuhubiriwa. Alifuata njia yake, na UKIMWI ukamkuta hatua kwa hatua, huku mkewe Tunu akijifunza kujisimamia. Adhabu yake ilitokana na matendo yake, haikushuka kutoka juu.

Hofu yako kuhusu mbaya anayependwa ni ya kweli. Neil Vidmar na Milton Rokeach walichunguza mwaka 1974 watazamaji wa kipindi cha kuchekesha cha Marekani kilichokusudiwa kuonyesha upuuzi wa baba mbaguzi aitwaye Archie Bunker. Wenye ubaguzi mwingi walimwona Archie ndiye anayesema kweli. Mbaya akipewa vichekesho vyote na neno la mwisho katika kila onyesho, watakaomfuata ni walewale uliotaka kuwabadilisha. Kwa hiyo vichekesho vigawie wengine. Hasara yake ya kwanza itokee mapema, ndani ya vipindi vitano hivi, na iwe ndogo: rafiki anaacha kumwamkia, mtoto anajificha akisikia mlango.

Elewa pia mchezo unaweza kubadilisha nini. Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mmoja wasikilizaji wa “Musekeweya”, mchezo wa Rwanda ulioanza mwaka 2004 kuhusu vijiji viwili vyenye uhasama, akawalinganisha na waliosikiliza mchezo wa afya. Imani za ndani za watu hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walichodhani jamii yao inakikubali, na mwenendo wao: vikundi vilipopewa redio na kanda mwishoni, waliosikiliza “Musekeweya” walikuwa wepesi zaidi kukubaliana kuvitumia kwa pamoja. Kwa kazi yako, hii inataka wahusika wadogo wengi: muuza genge anayeingilia kati, baba mkwe anayekataa kunyamaza, abiria kwenye daladala wanaomgeukia mpigaji. Hotuba ya ofisa ustawi haiwezi kuwafikisha hapo.

Kipindi cha dakika 20 kinabeba maonyesho manne au matano na mikasa mitatu inayopishana. Usiweke ujumbe zaidi ya mmoja kwa kipindi, na uingie kupitia uamuzi ambao mtu anaufanya, kamwe usipitie kwenye maelezo ya daktari. Namba ya simu ya msaada ya kituo kinachofanya kazi kweli wilayani isomwe na mtangazaji baada ya mchezo, taratibu, mara mbili. Kabla ya hapo kata onyesho la mwisho pale anayesitasita ameinua simu na hajabonyeza.